Matairi ya Theluji Katika Mvua ya Kawangware



Wasomaji wapenzi, juma hili nakuja kwenu na neno la kukiri kosa kabla ya neno la nasaha. Katika safu hii nimezoea kuwasimulia yaliyowafika wengine ili sote tupate kuzingatia. Leo nitasimulia lililonifika mimi mwenyewe, kwani sitakuwa mwadilifu nikiwapa mafunzo yake na kuficha nilivyoyapata.

Masika yaliyopita, saa moja na nusu asubuhi, simu yangu ililia hapa Mombasa. Alikuwa mdogo wangu anayeishi Makina, Kibera. Nilimsikia akihema kabla hajasema neno, na mama yeyote anajua moyo hufanya nini katika kimya cha namna hiyo. Kisha akasema, "Dada, watoto wazima, alhamdulillahi. Lakini gari liko mtaroni."

Gari alilolikusudia ni vani kuukuu ya abiria, ya aina ile ambayo Nairobi watu huiita nissan hata ikiwa imetengenezwa na Toyota. Mwenye gari ni mzee wa Makina, mmoja wa Wanubi ambao babu zao walikuwa askari wa jeshi la mfalme wa Uingereza na kupewa ardhi pale zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mahali palipokuwa msitu. Na neno kibra, ambalo ndilo asili ya jina Kibera, kwa Kinubi maana yake ni msitu. Mzee huyu aliacha kazi ya matatu miguu ilipoanza kumuuma, akabaki na kazi ya kupeleka watoto shule. Kila asubuhi huwachukua watoto kumi na mmoja, akianzia Makina na kupitia ule mtaa unaoitwa Fort Jesus (naam, Kibera nako kuna Fort Jesus, na kila nilisikiapo jina hilo hutabasamu). Huingia Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha hushika Naivasha Road kwenda Kawangware, ambako watoto husoma. Wawili kati ya hao kumi na mmoja ni wa mdogo wangu.

Sasa sikilizeni sehemu yangu mimi.

Miezi minne kabla ya asubuhi ile, mdogo wangu alinieleza kwamba matairi ya gari la mzee yamekuwa kipara, na kina mama wameanza kunung'unika. Mimi nikajiona mwerevu. Nilikumbuka kwamba shemeji yangu ana rafiki katika yadi moja ya magari hapa Mombasa, magari yale yashukayo bandarini kutoka Japani. Tukaenda. Tukaonyeshwa matairi manne yaliyovuliwa katika vani ya aina ile ile. Yalikuwa meusi, safi, yenye meno marefu na mistari mingi ya kupendeza, na bei yake ilikuwa chini ya robo ya bei ya matairi mapya. Nilipitisha kidole changu katika mifereji yake nikafurahi kama aliyepata kitambaa cha thamani kwa bei ya mtumba. Nikalipa, nikayapakia katika lori la rafiki wa familia, yakafika Nairobi. Mzee aliniombea dua kwa simu. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliwasimulia majirani wema wangu huo.

Kwenye ubavu wa kila tairi kulikuwa na neno moja limeandikwa kwa herufi kubwa za Kiingereza: STUDLESS. Nililiona, wala sikuuliza maana yake. Nilidhani ni jina la aina ya tairi, kama vile khanga inavyokuwa na jina lake.

Asubuhi ya tukio mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Maji yalikuwa yamekokota udongo mwekundu wa Kawangware kutoka vichochoroni na kuutandaza juu ya lami kama siagi juu ya mkate. Mzee hakuwa akienda mbio. Anaapa kwamba hakuzidi kilomita 40 kwa saa, na mdogo wangu, aliyekuwa ameketi mbele siku ile, anamsadiki. Katika mteremko kabla ya steji, mkokoteni wa maji ulijitokeza. Mzee akakanyaga breki. Magurudumu yaliacha kuzunguka lakini gari halikuacha kwenda. Liliteleza, mkia ukatangulia kushoto, gurudumu la nyuma likatumbukia mtaroni, na gari likaegemea ukuta wa duka. Mwenye mkokoteni alikuwa ameshauacha na kuruka kando.

Mtoto mmoja alipasuka mdomo na mwingine akavunjika jino la utoto. Kilichowanusuru, baada ya rehema za Mola, ni kwamba kila mtoto alikuwa na kiti chake na mkanda wake kifuani. Mzee ni mkali kwa hilo. Ni mmoja wa madereva waliopitia zile kanuni za mwaka 2004 za Waziri John Michuki, zilizoleta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na kikomo cha abiria kumi na wanne, naye hakuziacha hata wenzake walipozilegeza.

Jioni ya siku ile nilimtumia picha za matairi binamu yangu aliyeko Minneapolis, Marekani. Amekaa huko miaka mingi, naye ana vani yake kuukuu ya kubebea watoto wake sita. Nilimtumia picha kwa sababu tu nilitaka mtu wa kunipa pole. Akanipigia papo hapo, akaniuliza, "Dada, nani amewapa matairi ya theluji watu wa Nairobi?"

Basi akanifundisha, nami nikaendelea kuuliza mafundi hapa Mombasa mpaka nikaelewa. Nawaeleza kama nilivyoelewa.

Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa wakati wa baridi kali. Zikishuka nyuzi chini ya 7 hivi, huanza kupoteza nguvu ya kushika barabara, na juu ya barafu huwa kama sahani juu ya meza yenye sabuni. Kwa hiyo watu wa nchi za theluji huwa na matairi ya namna mbili. Binamu yangu huvalisha gari lake matairi ya baridi mwezi wa Novemba, na theluji ikiyeyuka majira ya kuchipua huyavua na kuyaweka stoo. Matairi yale yametengenezwa kwa mpira laini usiokakamaa, na kila jino la tairi limekatwa chale nyembamba nyingi. Chale hizo hufunguka na kufumba gari linapotembea, zikaing'ata theluji. Huko kwao tairi la namna hiyo huwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Japani nayo ina mikoa ya theluji nyingi, kama Hokkaido. Zamani walitumia matairi yenye misumari midogo ya chuma. Misumari ile ilikwangua lami hata vumbi lake likawadhuru watu, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Matairi yasiyo na misumari yakashika nafasi yake, na hiyo ndiyo maana ya neno lile nililolipuuza: tairi la theluji lisilo na misumari. Gari lililofanya kazi huko likiuzwa wakati wa baridi, husafirishwa na viatu vyake vya baridi miguuni, likashuka Kilindini katika jua letu.

Na joto humfanya nini tairi huyo? Mpira laini juu ya lami yenye moto hulika upesi, na meno yake yenye chale hupepesuka badala ya kusimama imara. Mtu akikanyaga breki, hasa barabara ikiwa na maji, gari huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame. Nairobi wanalalamika baridi, lakini baridi yao si ya theluji. Hata mwezi wa Julai asubuhi huwa kwa kawaida zaidi ya nyuzi 10. Hakuna siku ya mwaka ambayo tairi lile lingekuwa nyumbani kwake pale Kawangware.

Lililonihuzunisha zaidi ni lile la meno marefu niliyoyafurahia. Tairi la theluji huanza maisha likiwa na mifereji yenye kina kirefu. Kwa hiyo linapokuwa limelika nusu, bado huonekana zima kwa jicho la mwanamke wa Mombasa aliyekwenda yadi kutafuta rahisi. Watengenezaji wa Japani huweka ndani ya mifereji alama ya kuonyesha kwamba nusu imekwisha na tairi halifai tena hata kwenye theluji yenyewe. Matairi yangu yalikuwa yameipita alama hiyo. Na tarakimu za ubavuni zilisomeka 4715, yaani yalitengenezwa wiki ya 47 ya mwaka 2015. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Basi yale matairi yalikuwa yameshapoteza ulaini wa kukamata theluji, wala hayakuumbwa na uimara wa kukamata lami yenye mvua. Hayakuwa ya huko wala ya huku.

Ijumaa iliyofuata nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi. Sikuweza kukaa nyumbani. Tulikutana sebuleni kwa mdogo wangu, kina mama saba, na mzee akaja na mkongojo wake. Kabla hajaketi akasema, "Binti zangu, kosa ni langu. Mimi ndiye dereva. Niliyapapasa matairi, nikaona yana meno, nikatosheka."

Nikasema, "Hapana, mzee wangu. Yameletwa na mkono wangu." Nikawaeleza yote, pamoja na bei niliyolipa na neno nililoliona nisiulize. Hapakuwa na aliyenitukana. Lakini mama wa yule mtoto aliyepasuka mdomo alinitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, na mtazamo ule ningali nao.

Wawili kati yao walitaka kumwacha mzee na kutafuta gari jingine. Ni haki yao, na sikuwa na uso wa kuwapinga. Mdogo wangu akauliza swali moja: "Hilo gari jingine, matairi yake tumeyaona?" Kimya kikatanda. Hakuna aliyekuwa ameyaona. Kwa kweli, hakuna aliyewahi kutazama matairi ya gari lolote alilompandisha mwanawe. Tulijua jina la dereva na jina la mkewe, tulijua nauli, tulijua rangi ya viti. Mahali gari linapogusana na dunia hatukupatazama.

Kisha tukapiga hesabu. Kila mtoto hulipiwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Kwa watoto kumi na mmoja ni shilingi 38,500. Matairi manne mapya ya vani yalikuwa shilingi 48,000. Yaani hata kama mzee asingenunua petroli wala chakula mwezi mzima, bado yasingenunulika. Hapo nikaelewa kwa nini magari yanayobeba watoto wetu huvaa matairi yaliyochakaa. Si kila mara ni ukatili wa mwenye gari. Mara nyingi sisi wenyewe tumeibana nauli hadi usalama haukupata nafasi ndani yake, kisha tukamshukuru dereva kwa kuwa rahisi.

Mwisho tuliafikiana hivi. Mimi nililipa bei ya tairi moja, kwa kuwa deni ni langu. Mzee akalipa moja. Mawili yaliyobaki yalinunuliwa na chama cha kina mama, kwa masharti kwamba fedha zile zirudi kidogo kidogo katika nauli, na kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama mmoja atayakagua magurudumu, mzee akiwepo, wala asione kwamba anadharauliwa. Matairi yangu ya theluji tuliyakata kwa msumeno ili yasije yakauziwa mtu mwingine. Kuyauza kwa asiyejua lingekuwa kosa la pili, na hilo tungelifanya kwa makusudi.

Wasomaji wapenzi, ukaguzi wenyewe hauhitaji ufundi. Mdogo wangu hufanya akiwa na baibui lake na tochi ya simu. Nawaandikia, mkate na kubandika jikoni.

Kwanza, soma ubavu wa tairi. Ukiona neno STUDLESS au SNOW, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, hilo ni tairi la nchi ya barafu. Hata likiwa linang'aa, likatae.

Pili, tafuta tarakimu nne za tarehe. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wakati mwingine zimeandikwa upande wa ndani tu, basi mwombe dereva ainame atazame. Tairi la miaka mingi halifai kubeba watoto hata kama halijatembea.

Tatu, tazama ndani ya mifereji. Utaona vinundu vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji. Kwenye tairi la kawaida vinundu hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Meno yakishuka hadi kulingana navyo, tairi limekwisha, na kwenye mvua halina tena njia ya kuyatoa maji chini yake. Gari huelea juu ya maji kama ngalawa. Usingoje hadi hapo. Na ukiona mifereji imechongwa upya kwa kisu katika tairi lililokwisha, usimpandishe mtoto, kwa maana mpira uliobaki chini yake ni mwembamba.

Nne, hakikisha ni tairi la kubebea mzigo. Vani huvaa matairi yenye herufi C au LT ubavuni. Tairi la gari dogo la saluni lenye namba 91 limepimwa kubeba kilo 615. La vani lenye namba 107 hubeba kilo 975. Kwa macho yanafanana, lakini mzigo wanaouweza ni mbali mbali.

Tano, uliza habari za upepo. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa halijapata moto, na kipimo chake huandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo huchemka na kupasuka. Lenye upepo mwingi kupita kiasi hugusa barabara kwa sehemu ndogo tu.

Na mvua ikinyesha, tumruhusu dereva achelewe. Hili ni letu sisi, si lake. Gari liendalo kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa kila sekunde, na mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi inayohitajika kwa breki huzidi mara nne. Mvua ya mwanzo ndiyo yenye utelezi zaidi, kwa sababu huchanganyika na mafuta na vumbi vilivyokaa juu ya lami siku nyingi za kiangazi. Mama anayempigia dereva simu asubuhi ya mvua akimwambia, "Mzee, watoto watachelewa kengele," anamsukuma mguu kwenye mafuta bila kujua.

Tulipokuwa tukiagana, mzee alisema kwamba siku ile asubuhi alitoka nyumbani ametawakali kama kawaida yake. Nami nikamjibu kwamba hata mimi nilitawakali nilipoyanunua yale matairi. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Binti yangu, tulitawakali sote wawili, na ngamia tulimwacha bila kumfunga."

Juma lililopita mdogo wangu alinipigia. Mvua za vuli zimeanza. Alikuwa ametoka kukagua magurudumu, mikono ina matope, na kwa nyuma nilisikia watoto wakigombania kiti cha dirishani. Mama yule wa mtoto aliyepasuka mdomo ndiye aliyekuwa ameshika tochi.

Mwenye gari la watoto mlangoni kwake, atoke na tochi kesho. Mwenye ndugu katika yadi za magari hapa Mombasa, amsomee makala hii. Tukutane tena juma lijalo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.